Kaye ya Barazani

Nyumba ya marehemu baba yangu, katika mtaa wa Asiatique hapa Bujumbura, ilikuwa na baraza ya saruji iliyoelekea njiani, na juu ya baraza hiyo, kabla sijatimiza umri wa miaka kumi na miwili, nilipata elimu mbili zilizonijia kwa milango mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa ya chuoni, yaani ya Kurani. Maalim wetu alikuwa na watoto wengi kuliko macho yake yalivyoweza kuwaangalia, basi akawateua wanafunzi waliokwisha hitimu wawasomeshe wadogo, na mwanafunzi wa namna hiyo tulimwita khalifa. Khalifa wangu alinizidi miaka minne tu. Jioni alikuja barazani kunisikiliza juzuu, na kwa kuwa makosa yangu ya leo yalikuwa makosa yake ya juzi, aliyajua maneno ambayo ulimi wangu ungejikwaa kabla haujayafikia, akaninyooshea kidole nipunguze mwendo.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba desturi kama hii iliwahi kuvuka bahari kutoka Bara Hindi, na habari hiyo ilinifurahisha kwa ajili ya majirani zetu Wahindi, ambao maduka yao yalipakana na letu. Kasisi mmoja aitwaye Andrew Bell, msimamizi wa shule ya mayatima huko Madras, aliwaona watoto wa nchi ile wakijifunza kuandika herufi mchangani, akaichukua njia hiyo na kuwapa watoto wakubwa kazi ya kuwafundisha wadogo. Mwaka 1797 akaieleza katika kitabu kilichopigwa chapa London, na mwaka uliofuata Joseph Lancaster akafungua katika mji huo huo shule ya maskini iliyofuata njia ya jinsi hiyo. Wao aghalabu walitazama unafuu wa gharama, mwalimu mmoja kwa mamia ya watoto. Mimi nilichokionja barazani kwetu kilikuwa kitu kingine, nacho ni ukaribu.

Elimu ya pili ilikuwa ya shule ya serikali, nayo ilinitesa. Nyumbani tulisema Kiswahili, upande wa kulia wakisema Kigujarati na upande wa kushoto Kiarabu, wala katika njia yetu nzima hapakuwa na mzee aliyeweza kunisomea ukurasa mmoja wa Kifaransa. Nilipofika darasa la tano nilikuwa wa mwisho katika hesabu, jambo lililomshangaza sana baba, maana dukani nilikuwa nikitoa chenji upesi kuliko yeye.

Mwaka 1971 baba alimpangisha chumba cha uani kijana mmoja wa Chuo Kikuu, kile kilichofunguliwa mwaka 1964 na ambacho leo huitwa Chuo Kikuu cha Burundi. Alikuwa mzaliwa wa milimani, mpole, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Usiku mmoja alinikuta nalia juu ya kaye yangu, yaani daftari langu la shule, akaketi kando yangu, na badala ya kunipa jibu akaniamuru nilisome swali kwa sauti, kisha nimweleze kwa lugha yangu nani kamwuzia nani kitu gani. Nikanyamaza. Hapo ndipo alipogundua kile ambacho mwalimu wangu, mwenye darasa lililofurika, hakupata wasaa wa kukigundua: hesabu niliijua, swali ndilo sikulifahamu. Tangu usiku ule, kila baada ya sala ya magharibi, tulikuwa tukilivunja swali vipande vipande, neno la Kifaransa na maana yake, mpaka hesabu ikajitokeza yenyewe kama punje iliyomenywa. Sikuona haya kumwuliza jambo moja mara nne. Na kwa kumtazama tu, kijana mwenye shati moja la heshima alilolifua mwenyewe Ijumaa, nilianza kuamini kwamba Chuo Kikuu ni mahali ambapo mtu wa kawaida aweza kufika.

Mwisho wa Aprili 1972 msiba ukaishukia nchi, na wasomi wa Kihutu, wanafunzi wakiwa miongoni mwao, wakasakwa na kuuawa kwa maelfu. Siku moja ya mwezi wa Mei kijana wetu alitoka asubuhi na vitabu vyake, asirejee. Mama alikifagia chumba chake kila Alhamisi muda wa mwaka mzima. Baba hakumpangisha tena mwanafunzi, si kwa chuki bali kwa hofu ya kupoteza mtu mwingine, na baraza ikabaki ya wazee na kahawa. Nilifaulu konkuru, yaani mtihani wa darasa la sita. Nikaitia kaye sandukuni.

Miaka ilipita, mingine ya amani, mingine, tangu Oktoba 1993, ya vita vilivyoitenga mitaa ya mji huu hata jirani akamwogopa jirani. Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ikafutwa, watoto wakamiminika, na shule nyingi zikalazimika kusomesha kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine alasiri, kwa hiyo mtoto akawa na nusu ya siku mikononi mwake na hana wa kumwelekeza. Hapo wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaanza kurejea barazani kwetu, kwanza mmoja, mpwa wa mpangaji wetu mmoja, kisha wenzake watatu, pasipo chama wala barua, kila Jumamosi.

Lakini mambo hayakuwa kama zamani. Katika miaka ile Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai 2007, Kiswahili nacho kikawa somo tangu darasa la kwanza, na watoto wa Asiatique, waliokuwa wakidharauliwa kwa Kifaransa chao, wakajikuta na mali ambayo walimu wao wa Jumamosi hawakuwa nayo. Nilimsikia binti mmoja mwanafunzi, mzaliwa wa Ngozi, akisema "kitabu yangu", na mjukuu wangu wa miaka tisa akamwambia kwa staha, "Dada, ni kitabu changu." Binti alicheka, akaliandika, na kuanzia siku ile akawa akikaa hadi chakula cha mchana, akijifunza jikoni kwa mke wangu majina ya vyombo na viungo. Alikuja mgeni, sasa huingia bila kubisha hodi, na majirani huniuliza mimi anapokosekana.

Ni yeye aliyeniomba nimwonyeshe jinsi nilivyofundishwa. Nikaitoa ile kaye sandukuni. Aliifungua kwa kurasa za nyuma, ambazo miaka yote hiyo sikupata kuzitazama, akaninyooshea bila kusema neno. Kwa mwandiko wa yule kijana palikuwa na orodha ndefu: jamvi, mbeleko, kibatari, ubani, karibu ule, Mungu akulaze pema, na kando ya kila neno, maana yake kwa Kirundi. Yalikuwa maneno ya mama. Kumbe wakati mimi nikilala, yeye alikuwa akienda jikoni na kaye yangu kusoma kwa mama.

Siku hizi, kila Jumamosi, mimi hununua kaye mbili, moja ya mtoto na moja ya mwanafunzi.