Goma: Ordinateri iliyokimbia vita Kitshanga yabadilishwa prosesa

Mwishoni mwa Januari 2023, waasi wa M23 walipoingia Kitshanga, katika teritwari ya Masisi, mwalimu mmoja alikimbia na mke wake, watoto watano na inite santrale ya ordinateri iliyofungwa ndani ya blanketi. Ekrani aliiacha. Printa pia. Familia ilifika Sake kwa miguu na kwa pikipiki, na kutoka hapo mashine ikaingia Goma juu ya chukudu, ikiwa imebanwa kati ya magodoro ya watu. Kambini Bulengo majirani walimcheka: wenzake wamebeba sufuria, yeye kabeba chuma.

Lakini huko Kitshanga mwalimu alikuwa na biro ndogo ya kuandika na kutoa fotokopi. Kila karatasi aliyoskana ilibaki ndani ya mashine ile: buletini za shule, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya mashamba. Wenye karatasi zenyewe walikimbia mikono mitupu. Habari ilipozunguka kambini kwamba mwalimu yupo na mashine ipo, watu walianza kumtafuta.

Alipata kona katika kibanda cha mbao huko Ndosho, akanunua ekrani ya mtumba na kukopa printa. Shida ilikuwa mwendo. Mashine ni Dell OptiPlex 790, ya mwaka 2011, yenye prosesa ya Pentium G630. Kuandika barua iliweza. Lakini akijaribu kukusanya kurasa ishirini zilizoskanwa ziwe faili moja, mshale ulisimama na mteja akabaki kwenye benchi anatazama saa. Mwezi Mei ulikuwa unaisha, mitihani ya mwisho wa mwaka inakaribia, na shule zilikuwa zinatafuta mahali pa kuandikisha maswali. Walimu wawili walichukua kazi yao wakaipeleka biro ya jirani.

Wengi walimshauri anunue mashine nyingine. Mfukoni alikuwa na dola 40, nusu yake ikiwa ya kodi ya kibanda.

Fundi mmoja kijana wa Birere alikuja na bisibisi na brashi ya kupakia rangi. Alipofungua ubavu wa mashine, feni ilikuwa nyeusi kabisa. Ni vumbi la Goma, lile la mawe ya volkano, linaloingia hata kwenye chakula.

"Mwalimu, hii mashini iko na homa," alisema.

Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, kwa hiyo kusafisha huja kabla ya kununua chochote. Na kusafisha ni bure. Mashine ilipowashwa tena kelele ya feni ilipungua, lakini kurasa ishirini bado zilichelewa. Ndipo fundi akafungua dirisha linaloonyesha kazi za ndani. Memori ilikuwa na nafasi, diski ilikuwa imetulia, prosesa peke yake ilikuwa kwenye asilimia 100. G630 ina viini viwili tu vya kufanyia hesabu.

Fundi akarudi kutoka Birere na Core i5-3470 ya dola 15. Ina viini vinne na inakaa kwenye soketi ileile ya LGA 1155. Ilikaa vizuri sana. Mashine ikawashwa, feni ikazunguka, ekrani ikabaki giza.

Mwalimu hakusema neno. Mama mmoja kutoka Kitshanga, aliyekuwa mlangoni akisubiri buletini ya binti yake, ndiye aliyeuliza: "Sasa mukibadilisha bongo, haitasahau majina ya watoto wetu?"

Fundi alimwonyesha kisanduku bapa kando ya feni. Karatasi zote ziko pale, ndani ya diski, akasema. Prosesa inafanya hesabu tu, haitunzi chochote. Hata ikiungua, diski inaweza kuhamishiwa mashine nyingine. Mama aliitikia, lakini hakuondoka mlangoni.

Kosa lilikuwa la haraka ya fundi. Prosesa kukaa kwenye soketi hakutoshi: programu ya msingi inayoamsha mashine lazima iitambue. OptiPlex 790 imetengenezwa kwa kizazi cha pili cha Core, na i5-3470 ni ya kizazi cha tatu. Hapohapo ni rahisi kupoteza pesa, muuzaji akiangalia soketi tu. Bahati nzuri huyu alikubali kubadilisha kwa nyongeza ya dola 3, na fundi akarudi na i5-2400, ya kizazi cha pili.

Kuiweka kulichukua dakika chache, lakini hakuna aliyeongea. Soketi ya aina hiyo ina sindano 1,155 nyembamba sana, na ukipinda moja tu, huenda mashine yote ikafa. Fundi alifuta gundi ya joto ya zamani kwa alkoholi, akashusha prosesa wima bila kuisukuma, akafunga mkono wa chuma, akaweka gundi mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha feni.

Ekrani ikawaka.

Muujiza haukutokea. Mashine bado inachelewa kuamka, kwa sababu diski ni ileile ya zamani. Inaweza pia kula umeme zaidi ikifanya kazi nzito: i5-2400 imepangiwa wati 95, Pentium ilipangiwa 65, na kashpawa haina huruma. Lakini zile kurasa ishirini, zilizokuwa zinachukua dakika kumi na mbili, sasa zinachukua karibu nne. Shule moja imerudisha kazi yake.

Mama yule alipata buletini ya binti yake jioni ileile, akaikunja mara mbili na kuiweka ndani ya kitenge. Fundi alitaka kuinunua Pentium ya zamani kwa dola mbili. Mwalimu alikataa, akaifunga kwenye kipande cha blanketi lilelile na kuiweka chini ya meza.