Kima: Stesheni ya Simba na Machungwa

Msomaji mpenzi, ukisafiri kwa barabara kutoka Nairobi kwenda Mombasa, kabla hujafika Sultan Hamud utapita Kima. Huenda hata usigeuze shingo. Lakini sisi wa huko tulisimuliwa habari za stesheni yake ya reli kabla hatujajua kusoma.

Usiku mmoja wa Juni 1900, afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikuwa hapo ndani ya behewa akimvizia simba aliyewala watu. Wenzake walikuwa Huebner, Mjerumani, na Parenti, Mwitaliano. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall, na inaaminika alisinzia. Simba akaingia. Behewa lilikuwa limeinama kidogo, basi mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake. Hebu fikiria, msomaji: watu watatu na simba katika chumba kimoja! Alimkamata Ryall huku amemkanyaga Parenti sakafuni, akatoka naye dirishani. Baadaye simba alinaswa kwa mtego, akaonyeshwa watu, kisha akapigwa risasi. Behewa lenyewe liko katika Makavazi ya Reli, Nairobi.

Wapo wanaodai eti jina Kima lilitokana na mkasa huo, yaani nyama ya kusaga. La hasha! Ryall aliikuta stesheni ikiitwa hivyo. Sisi Wakamba huita mlima kiima, na mimi naona asili ni hapo.

Kuna historia nyingine isiyo na simba, nayo ndiyo huniuma. Nyanya yangu alisomesha watoto wanne kwa machungwa na mayai ya kuchemsha aliyouza stesheni. Gari la moshi lilisimama dakika chache tu. Kina mama walikimbia kando ya madirisha, beseni kichwani, chenji mkononi, na ole wako abiria akiondoka kabla hajalipa! Mabasi na matatu yalipunguza wateja mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2017 reli mpya ya SGR ilipofunguliwa, gari la abiria la reli ya zamani halikupita tena.

Wanangu walipopelekwa makavazini na shule, walirudi wakinisimulia simba hadi usiku. Niliwatolea beseni la bati la nyanya, ambalo nyumbani kwetu ni la kuanikia maharagwe, nikaanza kuwaeleza. Mdogo aliuliza chungwa moja liliuzwa pesa ngapi.