Daftari la Maisha Yetu

Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike juu ya jambo moja ambalo mwaka huu limetuletea raha na pia taabu chamani, nalo ni kusimuliana maisha yetu kwa maandishi. Nimekubali kwa sababu wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, nami ni mojawapo ya kata zilizozama katika mtungi huo.

Tawasifu tunaijua sote. Tunafundishwa darasani, na wengi wetu huifurahia kwa kudhani kwamba ni kazi rahisi. "Nilizaliwa mwaka fulani, nikasomea shule fulani, uraibu wangu ni kandanda." Basi! Ukisoma tawasifu za darasa zima utadhani sote tulizaliwa na mama mmoja na kucheza mpira mmoja. Mlezi wa chama chetu alipochoshwa na kandanda hizo, alikuja mkutanoni na kaunta buku jipya la jalada jeusi, akaliweka mezani.

"Humu hamna alama," akasema. "Andikeni jambo moja tu lililowapata kweli. Msitie majina. Anayetaka kusoma asome hapa hapa maktabani, lisitoke nje."

Majuma matatu ya kwanza daftari lilikaa jeupe kama lilivyotoka dukani. Kila mtu alimngojea mwenzake. Kisha Alhamisi moja tukakuta kurasa mbili zimejazwa kwa mwandiko wa herufi kubwa, nadhani ili mwenyewe asitambulike. Mwandishi alieleza jinsi baba yake alivyoachishwa kazi, na jinsi yeye, akiwa darasa la sita, alivyokuwa akiamka saa kumi usiku kukaanga mandazi na mama yake, kisha akiyauza kituoni mwa matatu kabla ya kengele ya shule. Akiona mwanafunzi wa darasa lake anakuja, alijificha nyuma ya kibanda mpaka apite. Hakulalamika. Hakuomba kuonewa huruma. Alisema tu kwamba hadi leo akisikia harufu ya mafuta ya kukaangia, moyo humdunda.

Niliusoma ukurasa huo mara tatu. Mimi sikuwahi kuuza mandazi, lakini kule kujificha nyuma ya kibanda nilikujua. Nilijiambia, kumbe si mimi peke yangu! Tangu siku hiyo daftari halikukauka wino.

Nikaanza kupekuapekua rafu za maktaba ili nijue kama jambo hili ni letu au tumelirithi. Tumelirithi, tena tangu zamani. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwachia bintiye yale aliyoyaona maishani kabla hajafariki. Shaaban Robert aliandika juu ya maisha yake mwenyewe: kazi ya ukarani serikalini, ndoa, msiba wa kufiwa na mkewe, na wosia kwa watoto wake. Kisha akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba huko Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu vya kuuza kabla ya kuwa mwimbaji wa taarabu na kwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri. Siti hakupata elimu ya shule. Kama mwingine asingeishika kalamu kwa ajili yake, tungebaki na sauti yake katika santuri, na habari za vyungu tungezisikia kwa uvumi tu.

Tena yuko Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Kutoka kwake tunapata habari za safari zake, vita vyake na pembe zake za ndovu. Lakini wale waliozibeba pembe hizo mabegani, wao waliona nini? Walimwacha nani nyumbani? Kitabu chake hakituambii, kwa maana kalamu haikuwa yao. Jambo hilo lilinikaa kichwani. Asiyesimulia maisha yake husimuliwa na mwingine, au hasimuliwi kabisa.

Marehemu Ken Walibora naye alituachia tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama. Alitutoka Aprili 2020. Mwezi uliofuata ndio mwezi wa kisa changu mimi, na sasa nitakueleza.

Kwetu ni Budalang'i, Kaunti ya Busia, kule Mto Nzoia unakokaribia kuingia Ziwa Victoria. Mei 2020 mto ulivunja kingo zake. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa ajili ya korona, kwa hiyo sote tulikuwa nyumbani maji yalipokuja. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Tulihamia kambini pamoja na majirani, tukakaa hemani miezi mingi. Kaka yangu alikuwa Kidato cha Pili. Hapo kambini alianza kuandamana na wavuvi ili tupate kitoweo, na shule zilipofunguliwa Januari 2021, mimi nilirudi darasani, yeye akabaki ziwani.

Hayo ndiyo niliyoyaandika katika karatasi kwanza, kabla ya kuyanakili daftarini. Lakini nilipotaka kuyanakili mkono ukasita. Mafuriko yalikuwa yangu, ndiyo, lakini je, kaka? Mama? Maisha yao nayo ni yangu niyaandike nipendavyo? Niliikunja karatasi, nikangoja likizo fupi ya katikati ya muhula, nikaenda nayo nyumbani.

Jioni hiyo kaka alikuwa akila ugali kwa omena. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Nyanya, ambaye sisi humwita Kukhu, alikuwa amejilaza. Nikasoma kwa sauti hadi mwisho.

"Umemaliza?" kaka akauliza.

"Nimemaliza."

"Hapo uliposema maisha yangu yalizama, toa."

"Kwani si kweli uliacha shule?"

"Niliacha, sikatai. Lakini sijazama. Injini ikizimika katikati ya ziwa usiku, wenye mashua huniita nani? Si mimi? Wewe andika kwamba niliacha shule, halafu andika na hilo la injini. Yote mawili."

Nikaandika yote mawili pale pale, yeye akiangalia.

Mama hakuwa amesema neno. Aliendelea kuchambua maharagwe yake, kisha akasema bila kuinua uso, "Na ile cherehani, umeandika ilichukuliwa na maji."

"Ndiyo, Mama."

"Haikuchukuliwa. Niliiacha."

Sote tukamgeukia. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha, kwa maana Mama alikuwa akishona sare za shule na nguo za akina mama wa kanisani. Akatueleza polepole. Usiku ule mkono mmoja ulimshika Kukhu. Mkono wa pili ulikuwa mtupu, na mbele yake palikuwa na vitu viwili: cherehani, na sanduku la bati lenye vyeti vyetu vya kuzaliwa na vitabu vya shule. Maji yalikuwa yamefika magotini.

"Nikasema, cherehani inanunuliwa," Mama akamalizia.

Mpaka leo haijanunuliwa. Mama hulima vibarua katika mashamba ya mpunga ya watu. Na cheti changu cha kuzaliwa, kile kilichonisajilisha kwa mtihani wa KCPE mwaka 2023 na kuniingiza Kidato cha Kwanza, kilitoka katika sanduku lile la bati.

"Lakini Mama, mbona hukutuambia miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza?"

Kukhu, ambaye tulidhani amelala, akacheka kidogo gizani. Nikamwomba Mama ruhusa ya kuandika habari za cherehani. Akafikiri, akasema, "Andika. Lakini ya magotini na ya kibarua. Hayo mengine ya baba yenu yaache." Nimeyaacha, na hapa pia nayaacha. Kuna watu hudhani kwamba ukisimulia maisha yako lazima uyamwage yote kama gunia la viazi. La, hasha! Kunyamaza juu ya jambo si kusema uongo. Mwenye maisha ndiye mwenye kuchagua.

Sasa nije kwenye taabu niliyoitaja mwanzoni. Juma la pili baada ya kurudi shuleni, mtu mmoja asiyekuwa mwanachama alisikia habari za ukurasa wa mandazi. Alisikiaje, hatujui. Chakula cha mchana kikipakuliwa, akasimama bwaloni akapaza sauti, "Mandazi moto! Mandazi moto!" huku akimwonyesha kidole kijana mmoja wa Kidato cha Pili. Meza nzima zikaangua kicheko. Kijana yule aliweka sahani yake chini, akatoka, na hakula siku hiyo.

Alhamisi tukakutana tukiwa na hasira. Mmoja wetu akasema daftari lichomwe. Wengi waliunga mkono, nami nusura niinue mkono pia, kwani cherehani ya Mama ilikuwa humo ndani. Mwingine akajibu kwamba tukilichoma, aliyecheka atakuwa ametufundisha sote kunyamaza. Mabishano yakawa makali. Ndipo kiranja wa maktaba akainuka. Yeye ni wa Kidato cha Nne, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyekuwa akitunza ufunguo wa kabati.

"Yule kijana mnamwonea bure," akasema. "Ukurasa wa mandazi ni wangu. Na niwaambie, mandazi yenyewe yalikuwa matamu. Daftari lisichomwe."

Kimya kilitanda, kisha tukampigia makofi. Siku iliyofuata alikwenda bwaloni, akaketi meza moja na yule kijana, wakala pamoja. Aliyepiga kelele hakuambiwa kitu na mtu, lakini hakurudia.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojifunza kwamba kusoma maisha ya mtu ni amana. Anayeandika huweka kitu chake mikononi mwako, na ukikitupa bwaloni hujamvunjia yeye peke yake. Umewafunga midomo wote waliokuwa wakijiandaa kusema. Tangu hapo tumekubaliana mambo mawili. Kwanza, kisa chako ni chako, lakini mwenzako akiwamo ndani, mwombe ruhusa. Pili, anayesoma asitafute mwandishi ni nani. Akiguswa, aandike kisa chake mwenyewe kwenye ukurasa unaofuata. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Chini ya kisa changu cha mafuriko kuna mistari minne ya mtu nisiyemjua. Anasema kwao hakukuwa na mto, kulikuwa na moto, na mama yake alitoka nyumbani na redio mkononi, na hadi leo hawajui kwa nini redio. Anasema likizo ikifika atamwuliza.

Nami nakuomba ufanye vivyo hivyo. Daftari liko maktabani, kabati la pili, na kurasa zilizobaki ni nyingi. Usingoje uwe mtu mashuhuri ndipo uandike. Na kabla ya kuandika, wakalie walio nyumbani uwaulize, kwa sababu wengi wao hawajaficha lolote. Wanangoja tu aulizaye.

Kalamu naiweka chini. Wasalaam.