Usiamini Stika, Pima Sola Yako

Wasee, kabla hujalipa doo ya sola, elewa kitu kimoja: ile namba ya wati kwenye stika ilipimwa maabara, si juu ya mabati yenu. Na wakati mwingine haikupimwa mahali popote.

Paneli halali hupimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Sasa niambie, ni mabati gani hubaki nyuzi 25 saa saba mchana? Seli zikifika nyuzi 60, paneli ya kawaida ya silikoni inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Jua linaleta mwanga, joto linakula volti. Hiyo si wizi, ni fizikia.

Wizi ni ule uliompata shosho yangu. Aliuza mbuzi wawili, akanunua sola ya "wati 200" kwa duka fulani. Ikifika saa mbili usiku, betri imekata. Familia nzima ikaamua kosa ni lake: eti anawasha TV sana, eti anaacha taa. Akaanza kukaa gizani ndio asisemwe. Hiyo iliniuma kuliko pesa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, na kuna mjomba hunikumbusha kila Krismasi. Lakini tepu na maltimita haziulizi mtu digrii.

Nilianza na tepu. Sentimita 78 kwa 54, yaani kama mita ya mraba 0.42. Paneli nzuri za siku hizi hugeuza karibu asilimia 20 ya mwanga kuwa stima. Piga hesabu: kama wati 84, tena ikiwa haijachemka. Ili saizi hiyo itoe wati 200, ingebidi igeuze karibu asilimia 48. Seli ya silikoni hata kwa nadharia haipiti asilimia 30.

Halafu maltimita, saa sita mchana, anga safi, waya za betri zimetolewa. Volti bila mzigo: 21.4. Wauzaji wengi hukuonyesha hiyo pekee, na inapendeza, lakini volti peke yake haikuambii nguvu. Ampea za shoti: 4.6. Ukizidisha unapata 98, ila paneli haitoi volti zote na ampea zote kwa wakati mmoja, kwa hivyo chukua robo tatu hivi. Wati 74.

(Ukijaribu: paneli ndogo tu, ifunike blanketi ukiunganisha, tumia tundu la ampea 10 la mita, na usiwahi kupima shoti kwa betri. Inaweza kulipuka.)

Nilisoma hizo namba mbele ya kila mtu. Mjomba akanyamaza. Shosho akauliza, "Kwa hivyo si mimi?" Nikamwambia, "Si wewe, shosho." Duka lilikataa kurudisha pesa, lakini siku hizi anawasha taa yake bila kuomba msamaha.

Msimamo wangu ni huu: muuzaji wa sola halali haogopi mita. Nenda dukani na tepu, omba paneli itolewe juani ipimwe ukiona. Ukiambiwa "hapa hatupimi," shika pesa yako, endelea na safari.