Kushtua si Kuchelewa

Fundi wa magari ni msikilizaji kabla hajawa mshika spana. Katika gereji za Mombasa na Tanga gari husemwa kwa vitenzi: linachemsha, linakula oili, linamisi, linavuta upande mmoja, linakosa nguvu mlimani. Kila kitenzi huelekeza mkono mahali pake. Anayesema kuwa gari linachemsha amekwisha kumpeleka fundi kwenye rejeta na pampu ya maji. Anayesema linakula oili amempeleka kwenye ringi za pistoni. Lakini asemaye tu kwamba gari ni bovu hajasema kitu. Amelia, na kilio hakina anwani.

Jambo hili lilidhihirika mjini Columbus, katika jimbo la Ohio, kwa kisa cha kijana mmoja wa Tanga na Mercedes-Benz 300D ya mwaka 1984. Gari hilo ni la kizazi cha W123, kilichoanza kuuzwa mwaka 1976 na kukoma miaka kumi baadaye. Injini yake ya dizeli ina silinda tano, na giaboksi yake hubadili gia nne bila dereva kugusa klachi. Kijana alilinunua kwa bei nafuu kwa sababu ghala alikofanya kazi za usiku lilikuwa mbali na njia ya basi. Majira ya baridi yalipoingia, gari lilianza kumtikisa. Kila lilipotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, lilijitupa mbele kana kwamba limegongwa kwa nyuma.

Alikwenda gereji. Kiingereza chake kilimtosha kazini na dukani, lakini hakikuwa na kitenzi cha jambo lile. Alisema giaboksi ni mbovu, akajibiwa kama alivyosema: giaboksi ibadilishwe, kwa gharama iliyozidi thamani ya gari zima. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa karo ya mtoto wa dada yake huko Tanga, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Akitengeneza gari, mtoto atarudishwa nyumbani. Akituma karo, hatakuwa na usafiri wa kumfikisha kazini, na muhula utakaofuata hautakuwa na mlipaji.

Baada ya sala ya Ijumaa alikutanishwa na mzee wa Mombasa, aliyekula ujana wake chini ya magari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lako linafanyaje?"

"Giaboksi imekufa."

"Hiyo ni hukumu. Nimeuliza linafanyaje. Linachelewa kubadili, au linabadili kwa wakati wake ila linashtua?"

"Linabadili kwa wakati wake. Ila linashtua, mzee, mpaka shingo inauma."

"Na ukizima ufunguo, injini hunyamaza papo hapo?"

Kijana alishangaa. Kwa wiki kadhaa injini ilikuwa ikiendelea kunguruma sekunde chache baada ya ufunguo kuzimwa. Hakumwambia mtu, kwa kuwa alidhani ni uzee tu wa gari.

Maswali yale mawili hayakuwa ya kubahatisha. Injini ya petroli ina kilango kinachobana hewa inayoingia, na kwa kufyonza dhidi ya kilango hicho injini hujitengenezea ombwe. Injini ya Rudolf Diesel, iliyothibitishwa mjini Augsburg mwaka 1897, ina njia nyingine: hewa huingia bila kizuizi, na nguvu hupimwa kwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa ndani. Kwa hiyo haina ombwe la kutegemewa, na waundaji wa gari hili wameifungia pampu ya kulitengeneza. Ombwe hilo hilo husaidia breki, hufunga makomeo ya milango, hukata mafuta ili injini izimike, na hupeleka habari kwenye giaboksi.

Habari yenyewe ni uzito wa mguu wa dereva. Kwenye pampu ya dizeli ipo valvu inayopunguza ombwe kadiri pedeli inavyokanyagwa. Mguu ukiwa mwepesi, ombwe hubaki jingi, nayo giaboksi hupunguza shinikizo la mafuta yake na kushika gia taratibu. Mguu ukiwa mzito, ombwe hutoweka, na giaboksi hushika kwa nguvu ili sahani zake zisiteleze na kuungua. Wakati wa kubadili gia una mjumbe mwingine, waya utokao kwenye mitambo ya pedeli. Ndiyo maana kuchelewa na kushtua ni maradhi mawili. Mrija wa ombwe ukivuja, giaboksi hupokea habari ya mguu mzito hata pale dereva anapokanyaga kwa upole. Ukali wake hautokani na ubovu. Imepata habari isiyo ya kweli, ikaitii.

Mzee alianza na lililo rahisi. Alipima mafuta ya giaboksi injini ikiwa moto na inanguruma, gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare. Yalikuwa mekundu, yamefika kipimo, hayanuki kuungua. Kisha alichomoa mpira unaoingia kwenye kidude kinachopokea ombwe ubavuni mwa giaboksi. Laiti angekuta mafuta mekundu ndani ya mpira, angejua kiwambo cha kidude hicho kimepasuka. Ulikuwa mkavu. Alikifyonza kwa pampu ya mkono yenye geji, na mshale ukasimama imara. Pampu kubwa ya injini, ilipopimwa peke yake, ilivuta inchi 20 za zebaki. Nayo ilikuwa salama.

Yalibaki matawi. Aliyaziba moja baada ya jingine, gari likiwa limesimama. Alipoziba tawi la makomeo ya milango, mshale wa geji ulipanda. Kosa lilikuwa katika mlango wa nyuma wa kushoto, kwenye kiwambo cha mpira kilichochanika ndani ya komeo. Mrija wake ulizibwa kwa kijiti. Jioni ile gari lilibadili gia kwa ulaini, na injini ilinyamaza mara ufunguo ulipozimwa. Karo ilitumwa kesho yake.

Haitakuwa haki kuilaumu gereji pekee. Giaboksi za umri ule huchakaa kweli, na fundi aliyeletewa jina la ugonjwa alitoa bei ya ugonjwa huo. Kilichokosekana ni swali la mzee: linafanyaje? Waswahili wengi ughaibuni hukabiliwa na upungufu huu penye jambo zito zaidi kuliko gari. Mbele ya daktari husema "kifua", ilhali nyumbani wangesema kinabana, kinachoma, au kinapwita. Majina ya lugha ya ugeni huja upesi, kwa kuwa yamebandikwa kila mahali. Vitenzi vyake huchelewa, na maumivu hukaa ndani ya vitenzi.

Hilo ni la kutafakariwa na wanaofundisha Kiswahili kwa watoto waliozaliwa huko. Watoto hufundishwa salamu, methali na mashairi, na ni vyema. Lakini lugha isiyoweza kueleza tofauti ya kushtua na kuchelewa imebakia ya sherehe. Mzee hakulijua neno ombwe. Yeye aliita "upepo wa kuvuta". Kamusi ingemsahihisha, ila geji isingemsahihisha.

Mlango wa nyuma wa kushoto bado hufungwa kwa mkono, mpaka kiwambo kipya kifike. Abiria akiketi mbele, gari hutoka gia ya kwanza hadi ya nne bila kumkatiza mazungumzo.