Dirisha Limefungwa

Laptop yangu ni mtumba wa Luthuli Avenue, RAM gigabaiti 4. Usiku ule nilikuwa na tafsiri ya kupeleka asubuhi, na malipo yake ndiyo kodi ya nyumba. Nikiandika herufi, inatokea baada ya sekunde kadhaa. Nikafunga kivinjari. Wapi! Feni ikazidi kulia.

Nikasita, kisha nikampigia mdogo wangu, fundi wa kompyuta. Tangu tugombanie shamba la Mama hatukuwa tumeongea, ingawa wazee walisema kesi imeisha.

"Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, dada. Nani anakula memori?"

Juu kabisa: kivinjari kile kile.

"Si nimekifunga?"

"Umefunga dirisha tu. Chenyewe bado kinakimbia huko nyuma. Kizime hapo, halafu ukiingia kwa setingi, zima ile ya kuendelea hata kikifungwa."

Nikazima. Feni ikatulia, herufi zikaanza kufuata vidole. Simu nayo kimya, lakini hakukata.

"Ile maneno ya shamba," nikaanza.

"Hata mimi, dada," akasema. "Kila siku."

Tafsiri ikangoja kidogo.