Linachemsha Wapi? Barua kwa Mpwa Mwenye Fuso

Morogoro

Mpwa wangu,

Habari za Fuso nimezipata kwa mama yako. Ameniambia umebadilisha pampu ya maji, umenunua mfuniko mpya wa rejeta, fundi ameng'oa thamostati, na bado ukifika mlima wa Kitonga na saruji mgongoni unaegesha pembeni, utingo anashuka na madumu. Sasa unataka kuuza injini urudishe ya zamani. Ngoja kwanza.

Gari ulilonalo si lile lililoshuka bandarini. Lilikuja na injini ya 6D14, lita 6.5 na ushee, bila tabo. Wewe ukaweka 6D16 ya tabo, lita 7.5, ukaongeza ekseli likawa tandam, ukarefusha na bodi. Sina ugomvi na hayo, kazi ndiyo iliyotaka. Lakini dizeli inayoungua ndani ya injini, sehemu inayokwenda kusukuma magurudumu haifiki hata nusu. Iliyobaki ni joto: jingine linatoka na moshi, jingine linaingia kwenye maji. Ukichoma dizeli zaidi, joto nalo linapanda. Na rejeta je? Ileile ya 6D14. Kwa hiyo huenda hapo hakuna kilichoharibika, kuna kilichozidiwa. Ndiyo maana unafunga kipuri kipya, kipuri ni kizima, na gari linaendelea kuchemsha.

Fundi akikupa jibu kabla hajakuuliza linachemsha wapi, mshukuru uondoke.

Wewe linachemsha mlimani, na mlima wenyewe unaujua. Unatoka Ruaha Mbuyuni, bondeni kwenye mibuyu na wauza vitunguu, jua kali, kisha unaanza kupanda ukiwa na mzigo wote, gia ya chini, mwendo ambao mtu mwenye haraka angeweza kukupita kwa miguu. Upepo wa mbele hapo haupo. Hewa yote inayopita kwenye rejeta inavutwa na feni peke yake, kwa hiyo anza na feni. Nilipoliona gari hilo wakati wa Idi, lile kava linaloizunguka feni halikuwepo. Nadhani halikulingana na injini mpya, fundi akalitupa nyuma ya gereji. Kosa hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni iliyokwishapata moto, inaizungusha humohumo, na rejeta inapata mabaki. Mtafute fundi bati akutengenezee jingine, likae limeshikana na rejeta pande zote nne bila mwanya. Panga za feni ziingie nusu tu ya upana wake ndani ya kava, na kati ya ncha zake na bati uache nafasi ya kidole kimoja au viwili, maana injini inatikisika. Ukimaliza, washa injini, chukua karatasi ya gazeti uiweke mbele ya rejeta. Inatakiwa inase yenyewe, katikati na kwenye pembe. Ikianguka pembeni, kava bado. Ikianguka kila mahali, angalia kama feni haikufungwa kinyume. Feni iliyogeuzwa mgongo bado inavuta kiasi, ndiyo maana watu hawaigundui.

Kisha njoo mbele. Intakula, ile inayopooza hewa ya tabo, umeifunga kifua kwa kifua na rejeta, kwa hiyo hewa inapita kwanza kwenye joto la tabo ndipo ifike kwenye maji. Sikwambii uitoe, injini yenye tabo inaihitaji, ila ziba mianya ya kandokando ili hewa isipite pembeni ya rejeta ikaenda zake. Bampa la chuma na zile taa kubwa vimeziba nusu ya njia. Na kile kitambaa cha timu ulichofunika nacho grili, kitoe. Ningesema hivyohivyo hata kama ingekuwa timu yangu.

Kama lingechemsha tambarare, tuseme hapa kati ya Chalinze na Morogoro ukiwa umeshika mwendo, ningekuambia mengine. Hapo upepo upo wa kutosha, tatizo ni maji hayazunguki au rejeta imeziba ndani kwa kutu na chumvi za maji ya visima. Nunua kile kipimo cha joto cha kulenga kama bastola, kwenye maduka ya Gerezani vipo, ukimulike kwenye rejeta gari likiwa limepata moto, feni imesimama. Sehemu iliyopoa peke yake katikati ya sehemu za moto, mirija yake imeziba. Na kwa injini hiyo, hata rejeta yako ikizibuliwa ikawa safi, mimi ningeitafutia kubwa zaidi, yenye safu nyingi za mirija. Fedha unayofikiria kupoteza kwa kuuza injini, weka hapo.

Asubuhi kabla hujawasha, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, washa, tazama mdomoni mwa rejeta. Mapovu machache mwanzoni si neno. Yakiendelea bila kukoma, au mpira wa juu ukawa mgumu kabla injini haijapata moto, gasketi ya silinda hedi inapitisha gesi. Injini iliyochemshwa mara nyingi kama yako huishia huko, usiache kuangalia.

Thamostati irudishe. Najua mafundi wetu wanaing'oa kama dawa ya kila kitu. Kwenye injini nyingi za dizeli kuna njia ya mkato ambayo thamostati ikifunguka inaiziba, maji yote yalazimike kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Nunua inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi.

Mfuniko nao usiwe wowote tu. Ukiendelea hadi Mbeya, uko juu kama mita 1,700, na maji yaliyo wazi huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Shinikizo la mfuniko ndilo linalokuokoa. Na lile tangi dogo la maji lazima likae juu kuliko injini. Wewe injini umeipandisha, tangi umeliacha lilipokuwa, kwa hiyo hewa inajificha kwenye hedi na maji yanaonekana yamejaa wakati hayajajaa.

Moshi mweusi ninaousikia kwa mama yako, kwamba ukipanda kilima wanafunga madirisha, huo ni dizeli iliyozidi hewa. Fundi ameikaza pampu ya dizeli ili gari "liamke". Ipeleke kwenye mashine ya kupimia pampu waipunguze. Utapoteza nguvu kidogo na joto jingi. Na mlimani shuka gia mapema, injini izunguke. Ikizunguka haraka, feni na pampu ya maji navyo vinakaza. Dereva anayeng'ang'ania gia kubwa huku injini inakoroma ndiye anayechemsha.

Sindano ya joto ikipanda na maji bado yamo, simama, acha injini iungurume kwa mwendo wa juu kidogo bila mzigo hadi ishuke. Kama maji yamemwagika, zima mara moja. Mfuniko usiguswe hadi uweze kuubonyeza mpira wa rejeta kwa mkono, na mwambie utingo asimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi itapasuka. Yeye ni kijana, ana haraka, na mvuke wa mfunikoni unababua uso.

Juu ya tani unazopakia sitaandika hapa. Mizani ya Vigwaza itakufundisha kwa bei yake.

Anza na kava, thamostati na tangi, kabla ya kutoa hata shilingi ya rejeta. Ukipanda tena, utingo aandike sindano ilisimama wapi pale Ruaha Mbuyuni, wapi katikati ya mlima, na wapi ulipofika Ilula, uniletee hayo maandishi. Mama yako mpe salamu, na mwambie ile nyanya ya Ilula aliyoahidi naisubiri.

Ni mimi mjomba wako.